Mifupa Tuliyoitupa Magharibi

Watu wa kwetu wakienda mbali hurudi na nguo, au na chumvi nzuri, au na maradhi. Mume wangu alirudi na jino. Alilivaa shingoni kwa uzi wa katani, jino jeusi linalong'aa, lenye ncha kali, na kila aliyemsalimia njiani alisimamishwa alishike. Akiulizwa ni jino la nini, alisema ni la papa. Wagogo wa wakati ule wengi wetu papa tulikuwa hatumjui, kwa hiyo ilimbidi aeleze kwanza papa ni nini, kisha bahari ni nini, na alipofika kwenye habari kwamba jino lenyewe hakulitoa baharini bali alilichimba kwenye udongo mkavu, juu ya kilima, msikilizaji alikuwa ameshakumbuka kwamba ana ng'ombe wa kunywesha.

Alikuwa ameondoka tukiwa na mwaka mmoja wa ndoa, nami nina mimba changa. Wadachi, yaani Wajerumani, walikuwa wanataka kodi ya nyumba, na yeye akasema anakwenda kuitafuta kwenye reli, atarudi wakati wa mavuno. Hakusema mavuno ya mwaka gani. Kutoka kwenye reli akafika Dar es Salaam, kutoka Dar es Salaam akapakiwa meli kwenda Lindi, na huko nyuma ya Lindi akakuta Wadachi wanachimba mifupa. Aliporudi, mtoto wetu alikuwa anakimbia na kutukana. Alipomwona baba yake mlangoni alijificha nyuma ya bibi yake, akasema yule mtu wa kodi amekuja tena.

Mume wangu alicheka. Mimi sikucheka. Niliingia ndani nikajifanya natafuta kibuyu, nikalia, na nilipokuwa nalia nilijiambia jambo moja tu: huyu haondoki tena. Sikujua nitamzuia kwa kitu gani. Uzuri wangu ulikuwa wa kawaida, na mapishi yangu mama mkwe aliyasema waziwazi. Lakini niliazimia.

Habari za huko kusini tulizisikia mpaka tukazijua kwa moyo. Kulikuwa na mijusi, alisema, zamani kabla ya watu, mijusi ambayo mfupa wake mmoja wa paja ni mrefu kuliko mwanamume aliyesimama. Imekufa, imefukiwa, mifupa imegeuka mawe. Wadachi wanaitoa taratibu, kwa sululu kwanza, kisha kwa visu, kisha kwa vifagio vidogo, halafu wanaifunika kwa udongo na kuifungia mianzi, na wapagazi wanaibeba kichwani mpaka Lindi huku wanaimba. Siku hizi wajukuu zangu wamefundishwa shuleni, wanawaita dinosaria, na wanadhani wananipa habari mpya. Nawaacha wanieleze. Mimi nimewahi kulala chumba kimoja na taya.

Maana mume wangu hakurudi na jino peke yake, alirudi na macho mapya. Mtu wa kawaida akipita korongoni anaona korongo. Yeye aliona "tabaka". Kaya yetu, nyumba chache za majirani, ilikuwa mashariki ya Zuzu, na chini yake kuna korongo linalojaa wakati wa mvua na kukauka mwaka mzima uliobaki. Hapo ndipo alipoanza. Asubuhi wenzake wakienda kwenye mashamba, yeye alikwenda korongoni na kifagio changu cha ndani. Jioni alirudi na kitu kimefungwa kwenye gunia, amekipakata kama mtoto wa watu wengine.

Na kweli ilikuwa mifupa, siwezi kumsingizia. Mizito, ya rangi ya kutu, ukiigonga inalia kama jiwe. Baadaye akasikia kwamba upande wa Haneti kuna mtu ameona jiwe lenye meno, akaenda kwa miguu, akarudi nalo kichwani, midomo imepasuka kwa kiu. Lilikuwa taya. Meno yake yalikuwa mazito na butu, nami nilimuuliza kama mjusi wa Haneti alikuwa anakula mtama.

Kule kusini alijifunza kwamba mfupa wa zamani hupasuka ukipata jua, na dawa yake ni kuupaka gundi ya miti. Migunga kwetu imejaa, gundi inavuja yenyewe. Basi akawa anakusanya, anaichemsha. Aliichemsha kwenye chungu changu cha mlenda. Nilipokiona chungu kimeshikana na mwiko, na mwiko hautoki, nilimwambia aoe mjusi, ampikie. Mama mkwe, ambaye siku zote alikuwa upande wa mwanawe, siku hiyo alinipa chungu chake mwenyewe.

Palikuwapo tena shida ya mbuzi. Ule udongo wa korongoni una chumvichumvi, na mbuzi wetu wakaona wameletewa karamu. Walilamba, wakatafuna pembeni. Ndipo mume wangu akahamishia mifupa yote juu ya paa. Nyumba zetu za tembe ni fupi, paa lake ni la udongo na limelala tambarare. Tunaanikia mtama na maboga. Mwaka ule tulianika mifupa. Mpita njia aliona nyumba yetu kwa mbali na hakuuliza kwa nani.

Nilipomuuliza anaitaka ya nini yote hiyo, alinijibu kwa upole uliozima hasira yangu. Kule ng'ambo ya kijito kikavu kilichokuwa mpaka wa kaya yetu kwa magharibi, Mdachi mmoja alikuwa amepiga hema. Kazi yake ilikuwa kutafuta maji ya visima kwa ajili ya treni, lakini alipenda pia kuokota mawe. Mume wangu alikuwa amempelekea kipande kimoja. Mdachi alikigeuzageuza akasema, kupitia kwa mkalimani wake, kwamba akimaliza kisima atakuja kuona vingine.

"Akiona ni kweli," mume wangu aliniambia, "atachimba hapa hapa korongoni. Na mimi ndiye ninayeijua kazi. Nitakuwa nyapara hapa hapa, mama watoto. Mchana nachimba, jioni nakula kwangu."

Tangu siku hiyo nilianza kumchemshia gundi mwenyewe.

Tulingoja. Kisima cha Mdachi kiligonga mwamba, akachimba kingine. Kuibeba mifupa mpaka hemani mume wangu peke yake hakuweza, mingine ilitaka watu wawili, na hakuna mwanamume wa kwetu aliyekubali kuweka mifupa asiyoijua begani. Alipowaomba watani zake walimwuliza kama wakifika huko watalia msiba wa nani.

Halafu mvua ikachelewa. Tulikuwa tumeshalima, udongo umekaa wazi kama mdomo, mawingu yanakuja mchana na kuondoka jioni. Ng'ombe wakaanza kukohoa. Watu hawakusema kitu kwanza, ila niliona wanavyopita mbele ya nyumba yetu wanatazama juu ya paa, kisha wanatazama mbingu. Wazee wakaenda kwa mganga. Jibu lilikuwa fupi: nchi imechafuka. Mifupa isiyo na kaburi imewekwa juu ya vichwa vya walio hai, na mvua itashukaje juu ya paa la namna hiyo.

Kwetu nchi ikichafuka, wanaoisafisha ni wanawake. Nieleze kidogo, maana siku hizi hata Dodoma mjini kuna Wagogo wasiojua. Siku hiyo wake wote wa kaya huvaa nguo za waume zao, hushika mikuki yao na fimbo zao za kuchungia, hufunga njuga miguuni. Tunaimba nyimbo ambazo siziandiki hapa. Tunauchukua uchafu, kitu chochote kilichotajwa, tunaukimbiza mpaka tuvuke mpaka wa magharibi, linakozama jua, tunautupa. Wanaume hujifungia ndani mpaka turudi, na mwanamume atakayeonekana nje atapigwa, hata awe baba yako. Huo ndio mwiko wao. Wa kwetu ni mmoja: ukishatupa, hugeuki nyuma wala husemi na mtu, mpaka ufike nyumbani. Ukigeuka, uchafu unarudi na wewe. Miiko ni hiyo miwili, mingine hakuna.

Aliyetuongoza alikuwa mama mkwe, kwa umri wake. Mwanamke mwembamba, mkavu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe wa kaya ya jirani. Usiku wa kuamkia siku yetu hakulala vizuri, nilimsikia akijigeuza. Asubuhi alinikuta natoa mikuki.

"Mwanangu," aliniambia, "huyu akikosa mifupa yake atakaa?"

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia kodi bado iko, na kule kusini wanamjua, na mtu aliyezoea njia haoni tabu kuirudia.

Halafu nikasema kile nilichokuwa nimekifikiria tangu alfajiri, nikakisema huku nafunga njuga ili nisimtazame usoni. Nilisema kwamba mpaka wetu ni kile kijito kikavu, na uchafu lazima uvuke kijito. Lakini sijawahi kusikia umesemwa uvuke kwa umbali gani. Na hema la Mdachi liko mbele kidogo tu.

Mama mkwe alikaza njuga zake. "Uchafu ukitupwa mbali zaidi," alisema, "ndiyo vizuri zaidi." Na uso wake ulikuwa mkavu kama kawaida, lakini alinishika mkono, jambo ambalo alikuwa hajawahi kulifanya.

Mume wangu alikuwa ameshajifungia ndani pamoja na wanaume wa jirani. Hakubishana na mtu. Mimi nilikuwa nimevaa kanzu yake aliyokuja nayo kutoka pwani, nimeshika mkuki wake, napanda juu ya paa kuwapokeza wenzangu, na nyufani mwa mlango nikasikia sauti yake. Hakuweza kutoka, nami sikuthubutu kumjibu mbele ya wenzangu. Alikuwa anasema, "Lile refu lishikwe katikati, lisishikwe nchani. Taya lisilazwe kwa meno. Na gunia lile la kijivu, jamani, ni vipande vya kitu kimoja, visitawanyike." Kisha akasema tena, taratibu, "Visitawanyike." Alikuwa anatufundisha kuvitupa vizuri.

Tukaondoka. Wenzangu walikuwa na hasira ya kweli, mvua si mchezo, na nyimbo zilikuwa za kweli pia. Nilibeba taya. Tulikimbia, tukavuka kijito, na pale baadhi yao walipotaka kutua mizigo, mama mkwe akapaza sauti, "Mbele!" Hakuna aliyembishia.

Sasa jiwekeni mahali pa yule Mdachi. Ni asubuhi, amekaa nje ya hema lake, sabuni usoni, ananyoa ndevu. Vita vya kusini, watu walipowainukia Wadachi, havikuwa vya zamani sana, na kila Mdachi aliyelala peke yake porini alivikumbuka. Anasikia njuga. Anainua macho anaona kundi la watu wenye mikuki, mavazi ya wanaume na matiti, wanamjia mbio huku wanapiga kelele, na wa mbele ni bibi kizee. Alisimama, wembe mkononi. Askari wake wawili walishika bunduki, lakini mmoja wao alikuwa ameshaishi Dodoma, na alipotutambua alitupa bunduki yake chini na kugeuzia uso mtini. Mkalimani naye alikuwa mtu wa Dodoma mjini, Mwislamu, babu yake alikuja na misafara ya pembe. Huyo ndiye angeweza kueleza. Alipoona mikuki mikononi mwa wanawake alielewa mara moja ni siku gani, akaingia chini ya meza ya bwana wake na kukataa kutoka. Mdachi alimwita, akampiga teke, akamwita tena. Hakutoka.

Tukatupa. Wenzangu walitupa, yaani. Mimi nililaza taya chini taratibu, meno yakiwa juu, na kando yangu nikaona mama mkwe anatua lile gunia la kijivu kama anayelaza mtoto. Kisha tukageuka. Nyuma yetu Mdachi alikuwa anapiga kelele kwa lugha yao. Halafu akanyamaza ghafla, na kunyamaza kule ndiko kulikonitesa. Nilitaka kugeuka kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nilitaka kuona kama ameinama, kama ameshika, kama uso wake umekuwa wa mtu aliyeona kitu au wa mtu aliyeona takataka. Mvua ya kaya nzima ilikuwa shingoni mwangu. Sikugeuka.

Kesho yake askari alikuja kumchukua mume wangu. Nilijua atafungwa, kwa ajili yangu. Nilikaa mlangoni mchana kutwa. Jua lilipoanza kulala nikamwona anakuja peke yake, anatembea kwa haraka, anatupa mikono.

"Viboko!" alisema kabla hajafika. "Si mijusi, mama watoto, ni viboko!"

Niliuliza ni viboko vya kuchapwa au wale wa majini. Alicheka mpaka akakaa chini. Mdachi, alisema, alipiga magoti palepale na sabuni usoni. Taya lilikuwa la kiboko, na mfupa mrefu wa kiboko, na vile vipande vya gunia la kijivu vilikuwa vya kiboko mmoja mzima, wa zamani mno, ingawa si zamani ile ya mijusi ya Lindi. Na kiboko, alisema mume wangu huku ameshika mikono yangu, haishi pakavu. Mahali hapa palikuwa na ziwa. Hapa tulipokaa, hapa tunapoombea tone, palikuwa na maji ya viboko kuogelea. Alilirudia hilo kwa kila mtu aliyepita, siku nzima na wiki nzima, na safari hii hakuna aliyekumbuka ng'ombe. Walikaa wakasikiliza. Mtu mwenye kiu anapenda kusikia habari za ziwa, hata kama limekauka.

"Na kazi?" nilimuuliza jioni ile, tukiwa peke yetu.

Akatazama pembeni. "Hakunitaka," alisema. "Amesema viboko hawamfai, kazi yake ni visima. Basi tena."

Nilimwonea huruma kuliko nilivyoweza kusema. Nilimpikia mlenda mzito, nikamtwangia karanga za mwisho tulizokuwa nazo. Alikula vizuri sana kwa mtu aliyekataliwa, lakini hilo sikulitilia maanani.

Mvua ilikuja, kwa kuchelewa na kwa uchoyo. Mtama ulikuwa mfupi, tulikula majani ya porini kabla ya kuuvuna, na mama mkwe alipungua akawa kama fimbo yake. Mume wangu alipata kibarua cha kuchimba visima vya reli pale Zuzu, kazi ya kuvunja mgongo, lakini kodi ililipwa. Alirudi kila jioni, mweupe kwa vumbi. Mtoto akazoea kumsubiri njiani. Tulikuwa na njaa, na mimi nilikuwa na furaha, na nilimficha kila mtu furaha hiyo kwa sababu haikuwa na adabu wakati kama ule.

Mdachi alihama na reli kuelekea magharibi. Mkalimani wake hakumfuata, alirudi mjini akaanza biashara ya nguo na chumvi kwa punda, na siku moja akafika kwetu. Tulimkaribisha maji. Mume wangu alikuwa juu ya paa, anaziba nyufa kabla ya mvua zijazo, mtoto anampa udongo.

"Shemeji," mkalimani aliniambia kwa sauti ya chini, "mume wako ni mtu wa ajabu. Sijapata kuona mtu anakataa bahati kama ile."

Nikamwuliza bahati gani.

Akashangaa kuwa sijui. Akanieleza kwamba siku ile Mdachi aliifunga mifupa yote kwenye masanduku iende Dar es Salaam, na alimtaka mume wangu aende nayo, kisha apande meli mpaka Lindi. Atakuwa nyapara, na hema lake, na watu wa kuwaamuru, mshahara mara nyingi ya ule wa visima. Alimwomba, siyo alimwamuru. Alimwomba.

"Naye akasemaje?"

"Alisema anasikitika sana, lakini haiwezekani, ni mwiko wa Wagogo. Alisema kitu ambacho mke wa mtu amekitupa magharibi, yule mume hawezi kukifuata kiendako, wala siku moja, mpaka afe. Mdachi aliandika hilo kabisa." Akaniangalia kwa makini. "Mimi nimezaliwa Dodoma, shemeji, nimekua na nyinyi. Mwiko huo sijawahi kuusikia. Upo kweli?"

Niliinua macho. Mume wangu alikuwa amepiga magoti juu ya paa, anasawazisha udongo kwa kiganja, anamfokea mtoto kwamba udongo huu una mawe.

"Upo," nilimwambia mkalimani. "Ni mwiko mkubwa sana kwetu." Kisha nikainuka, nikachukua ndoo, nikaenda kuwachotea udongo mwingine.